Mkaja kwa Hundi

Wateja wangu wakitaka kunichokoza huniita mke wa hundi. Nina saluni hapa Chanika, Handeni, na mtu akikaa kusukwa tangu asubuhi hadi jua linapinda, mdomo lazima ufanye kazi pamoja na vidole. Kwa hiyo habari ya kuolewa kwangu wameshaisikia wote, hata waliohamia juzi, na kila mmoja anaipeleka kwao na chumvi yake. Yupo mmoja anayesimulia kwamba niliolewa kwa hundi isiyokuwa na hela nyuma yake. Huyo nikimsuka huwa navuta kidogo. Akilalamika namwambia, "Pole mama, nywele zako zimeshikana." Basi leo nimekaa kuiandika mwenyewe, ili wakome.

Hundi ilitoka kwa baba mkwe. Alikuwa mhasibu wa shamba la mkonge, na alipostaafu hakuuacha uhasibu, aliuhamishia nyumbani. Kitabu chake cha hundi hukaa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti halivui hata jua la Handeni likiwaka mpaka mbwa wanahema. Fundi akimtengenezea mlango, analipwa kwa hundi. Ada za wajukuu, hundi. Akienda Korogwe kununua mabati kwenye duka la Wahindi wanamvutia kiti na kumwagizia soda, maana wanajua hundi ya mzee huyu benki haijawahi kuirudisha. Tatizo ni kwa wengine. Siku moja alimpa hundi mwenye bucha, yule bwana akaigeuza pande zote mbili, akauliza, "Sasa mzee, na hii nikurudishie chenji ngapi?"

Akiandika hundi utadhani anatia uzi kwenye sindano. Kwanza anaipangusa meza kwa kiganja. Anaanza na tarehe, halafu jina la anayelipwa, majina yote matatu, halafu kiasi kwa maneno, polepole, na mahali panapobaki patupu anapiga mstari mrefu ili asije mjanja akaongeza neno. Kwenye kona anachora mistari miwili ya mshazari, maana yake hela hiyo haitolewi dirishani, inaingia tu kwenye akaunti ya mwenye jina. Ndipo anaweka sahihi. Kabla ya kuchana anaandika tena kwenye kile kipande kinachobaki kitabuni, nani kalipwa na kwa kitu gani. Ukimsemesha katikati hakujibu. Wanawe wamemwimbia weee: "Baba, siku hizi watu wanatuma kwa simu, ukibonyeza imefika." Jibu lake ni lile lile. "Simu inatuma, haitii sahihi. Mtu akilipa aweke mkono wake."

Mimi wakati huo nilikuwa mchumba tu wa mwanawe wa pili, nikaona mzee ana vituko vya kupendeza. Sikujua kwamba vituko vyenyewe vitanifuata mpaka sebuleni kwa baba yangu.

Sasa niseme habari ya mama, maana ugomvi wote ulikuwa wake, ingawa aliyegomba ni mimi. Mama amezaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Babu yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, akafia huku huku, na uzao wake ukabaki pale kambini. Mama mwenyewe amefanya kazi korona, kile kiwanda kinachokamua majani ya mkonge. Yeye na wenzake walikuwa wakianika nyuzi juani, na mpaka leo akiikumbuka kazi ile anajikuna mikono. Baba ni Msambaa wa Dindira, juu kwenye chai. Walioana, wakanipata mimi, na nilipokuwa ndiyo kwanza najua kusoma, baba akapanda zake milimani kuangalia shamba na hakushuka tena. Akaoa mke mwingine kule. Sijasikia kwamba alimpiga mama wala kumtukana. Alikuwa mtu wa kuahidi tu. Ada itakuja mwezi ujao, viatu vitakuja baada ya mavuno. Mwezi ujao wake haujafika mpaka leo. Na watu wa kwao walikuwa wakisema, maneno yakatufikia, kwamba yule mwanamke ni mtu wa kuja, hana kwao, mtoto ni wetu na atarudi kwetu.

Mtoto ni wao! Na madaftari alikuwa akinunua nani? Nikikumbuka maneno yale hata sasa nashika kitana vibaya.

Mama alinisomesha kwa hizo hizo nyuzi, na hakuwahi kunidai chochote isipokuwa kitu kimoja, ambacho alikisema mara nyingi, tukipika, tukifua, tukipeta mchele. "Siku yako ikifika sitaki sare, sitaki kiti cha mbele. Nataka mkaja wangu. Nipewe mkononi, watu wa baba yako wakiwa wamekaa wanaona."

Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mama tumboni akishajifungua. Binti akiposwa, upande wa mume humtolea mama mzazi fungu lake pamoja na mahari, na fungu hilo huitwa mkaja. Si hela nyingi. Baba naye ana fungu lake, linaitwa kilemba, na mjomba ana mbuzi wake. Kwa desturi hela hushushwa mkekani, zikahesabiwa mbele ya pande zote mbili, na kila fungu likatajwa jina lake. Hapo ndipo mama alipokuwa anapangoja. Alitaka neno hilo litamkwe ndani ya nyumba ya baba, ijulikane nani alibeba mimba na nani alilea.

Nilitaka mahari ipokelewe Korogwe, kwenye chumba tulichopanga mimi na mama. Mama akakataa katakata. "Baba yako yuko hai. Tukipokea huku watasema nilikuiba." Basi ikawa Dindira.

Baba akatuma barua ya kupanga mahari, kila kitu kwenye mstari wake: mahari yenyewe, kilemba, mkaja, mbuzi wa mjomba, blanketi la bibi. Na hapo ndipo uhasibu ulipotuponza. Mtu mwingine angetia kila fungu kwenye bahasha yake. Baba mkwe aliona orodha ya tarakimu, akafanya alichokifanya maisha yake yote: akajumlisha. Kisha akatazama chini ya barua kuna sahihi ya nani, akaona ni ya baba, akaandika hundi moja nzuri kwa jina la baba. Mchumba wangu alimwambia, "Baba, toa taslimu, wale ni wazee wa kijijini." Akajibiwa kwamba mtu mzima hapandi milima na hela kwenye soksi kama mwizi. Mchumba wangu ni fundi umeme, mtu mpole, hapendi kubishana na kitu kinachoweza kumpiga shoti. Akanyamaza. Na mimi hakuniambia. Hilo tulishalizungumza baadaye, naye analikumbuka vizuri.

Siku yenyewe Dindira ilikuwa na ukungu wa kushika mkononi. Mimi nilikuwa nimetangulia. Mama alipanda na mjomba, kaka yake wa pekee, dereva wa trekta ambaye amezoea kusema juu ya mngurumo, kwa hiyo hata akikunong'oneza, jirani anasikia. Nilimwona mama akiingia uani na kanga yake mpya. Akamwamkia bibi, akamsalimu mke wa baba vizuri kabisa, akawaulizia watoto. Akapelekwa jikoni kwa wanawake wenzake, akapewa kisu na mkungu wa ndizi, akaanza kumenya katika nyumba ya mtu aliyemwacha, bila kununa. Mimi nisingeweza. Ningemenya na vidole vya mtu.

Mimi nilifungiwa chumbani na shangazi, dada yake baba, kwa kuwa mwali haonekani mpaka aitwe. Kati ya chumba na sebule palikuwa na pazia tu. Shangazi alikaa hapo akichungulia na kunitangazia kila kitu kama mpira wa redioni.

"Wameketi. Mkweo kavaa koti. Eh, hilo koti la kanisani au la baridi? Mchumba wako kakonda, humlishi?"

"Shangazi, bado hatujaoana."

"Ndiyo maana."

Salamu zikaenda, zikarudi. Mshenga wao, mzee mcheshi kutoka Handeni, akasimama kueleza kwamba walikuwa wanapita njia wakaona ua zuri kwenye bustani hii, na mambo kama hayo. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Sinia likaletwa katikati, limefunikwa kitambaa cheupe.

"Wanafunua," shangazi akasema. Kisha akanyamaza. Shangazi yangu kunyamaza ni jambo la kutia hofu, nikamsukuma kidogo nichungulie mwenyewe.

Kwenye sinia lote lile palikuwa na karatasi moja.

Mzee mmoja wa upande wa baba akaiinua kwa vidole viwili. "Hii ni barua nyingine?"

"Ni hundi, mzee wangu," mshenga akajibu, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Mahari yote imo humo."

"Humo wapi? Mimi nimeitwa kuja kuhesabu. Nihesabu nini, maandishi?"

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka na kanga mdomoni. Baba mkwe akaeleza kwa utulivu kwamba hiyo ni hela kamili, ipelekwe benki Korogwe, itaingia kwenye akaunti bila kupungua hata senti. Wazee wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaielekeza dirishani kutafuta ile picha inayoonekana ndani ya noti. Mambo yangeishia hapo, tukala pilau tukatawanyika, kama mjomba asingeuliza swali lake.

"Samahani wazee wangu. Imeandikwa jina la nani?"

Baba akaisoma. Lilikuwa jina lake.

"Lako peke yako?"

"Langu."

"Na mkaja wa dada yangu uko wapi?"

"Umo humo humo," mshenga akadakia. "Tumejumlisha."

"Nimesikia umo. Nauliza yeye atautoaje humo?"

Baba akakohoa. Namjua baba, kikohozi kile ndicho kinachotangulia ahadi. "Shemeji," akasema, "hilo si la kutuumiza kichwa. Nikishazitoa benki nitampelekea mwenyewe. Mwezi ujao nashuka Korogwe."

Mjomba akacheka peke yake. "Mwezi ujao," akasema. "Haya."

Ndipo nilipomsikia mama. Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na alikuwa amesikia kila neno. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kaka, acha. Mwache mtoto aolewe."

Jamani, nilikasirika. Hasira yangu ya kila siku ni ya mdomoni, inakuja na kupita, wateja wangu wanaijua. Ile ilianzia miguuni. Sikumkasirikia mzee wa watu na hundi yake, wala baba na mwezi wake ujao. Nilimkasirikia mama kwa lile neno "acha". Kitu kimoja alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kinapita mbele ya macho yake, naye anamenya ndizi! Shangazi aliuona uso wangu, akanishika kanga. "We mtoto, hutoki hapa!" Kanga ikabaki mkononi mwake, mimi nikatoka.

Mwali kujitokeza mbele ya wakwe kabla ya kuitwa, tena kichwa wazi, ni jambo ambalo Dindira wanalizungumza mpaka leo. Nilipiga magoti, adabu hiyo sikuisahau, nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia kwa mshangao. Nikasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Mkaja wa mama yangu usipotolewa hapa, leo, yeye mwenyewe akapokea, mimi siolewi. Na hiyo karatasi wageni warudi nayo."

"Makubwa haya!" mtu akasema. Nyuma ya pazia nikasikia shangazi akijipiga kifua, "Nimekwisha mie!" Mchumba wangu pale kwenye kona alikuwa anaitazama soketi ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyozungumza. Baba alinitazama mimi, na nikaona amezeeka, shingo imekonda ndani ya kola. Nilimhurumia, na nikachukia kwamba namhurumia.

Tena niliogopa, nisiwadanganye. Yule fundi umeme nilikuwa nampenda. Neno kama lile likishatoka halirudi, na kama baba mkwe angechukua kofia yake akasimama, ningeshuka mlima ule si mke wa mtu, na lawama yote angebebeshwa mama: ndivyo alivyomlea, si mnaona.

Baba mkwe hakusimama. Alinyoosha mkono. "Naomba hiyo hundi," akasema, na baba akampa. Akaiweka gotini, akaipiga mistari kutoka kona hadi kona, akaandika katikati IMEFUTWA, akaikunja na kuirudisha kitabuni. Kisha akaomba meza. Ikaletwa stuli. Akaipangusa kwa kiganja.

"Nimekosea," akasema, wala hakulisema kwa unyonge, alilisema kama anayesoma hesabu ya mwisho wa mwezi. "Nimejumlisha vitu visivyojumlishwa. Mama mzazi yuko wapi?"

Wanawake wakamsukuma mama kutoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akakaa mkekani karibu na mlango.

"Hapana mama, sogea hapa," baba mkwe akamwambia. Akasogea. "Nipe majina yako matatu."

Tangu nizaliwe, mama yangu huitwa kwa jina langu, mama wa fulani. Korona walimwita hivyo, kanisani hivyo. Kule Dindira hata hilo hakupewa, alikuwa "yule wa Korogwe". Akataja jina lake. Akataja la baba yake. Akataja la babu yake, yule aliyekuja kukata mkonge, jina la kwao mbali ambalo nadhani lilikuwa halijawahi kusikika kwenye milima ile. Baba mkwe akamwomba alirudie. Akalirudia, safari hii kwa sauti zaidi.

Ilisikika kalamu tu. Aliandika jina, akaandika kiasi kwa maneno, akapiga mstari wake mrefu, akachora vimistari vyake kwenye kona, akaweka sahihi. Na alipofika kwenye kile kipande cha kitabuni akasoma kwa sauti anachokiandika: "Mkaja." Akachana. Akaishika hundi kwa mikono miwili, mama akapiga goti, akaipokea kwa mikono miwili. Vigelegele vilivyotoka jikoni sidhani kama kuna mtu Makuyuni huko chini hakuvisikia.

Baada ya hapo akaandika ya mjomba, ya bibi, na ya mwisho ya baba. Kazi ilikuwa ndefu, pilau likashika ukoko, lakini hakuna aliyeondoka. Wazee walisogea wakamzunguka, na yule aliyekuja kuhesabu maandishi ndiye aliyegeuka msimamizi. "Mstari hujapiga hapo," alimwambia. "Piga mstari, mzee mwenzangu, watu si wazuri."

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nasuka. Mzee angeleta bunda la noti, zingehesabiwa, watu wakapiga makofi, na kwa kuwa mama yuko jikoni, fungu lake lingeshikwa na baba kwa niaba yake. Hakuna ambaye angeuliza. Noti haina jina la mtu. Hundi ndiyo iliyotulazimisha kusema nani ni nani.

Wakati wa kuondoka baba alimfuata mama uani, mimi nikiwa nimesimama karibu na gari.

"Hukuniambia kama unautaka kiasi hicho," baba akasema.

"Hukuniuliza," mama akajibu. Akamtakia usiku mwema, akapanda kwenye gari, akaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya baridi. Njia nzima ya kushuka mjomba ndiye aliyesema, kwa niaba yetu sote.

Hundi yenye ile mistari miwili haitoki bila akaunti, na mama hakuwa na akaunti. Alikuwa na simu ya vitufe na mkebe wa kuwekea hela. Nilimuuliza kama hataki kuitia kwenye fremu, akaitundika ukutani iwe ukumbusho. Alinitazama kama niliyerogwa. "Ukumbusho? Hela yangu?"

Basi tukaenda benki Korogwe, na kitambulisho chake cha taifa, na picha, na barua ya mtendaji. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofikiwa, tukakalishwa mbele ya dada mmoja mpole, amesukwa rasta nzuri ila aliyemsuka hajui kumalizia mbele. Akajaza, akauliza, akajaza. Mama alijibu kila kitu kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kuomba radhi hata kama hajakosa. Mwisho yule dada akaichukua hundi, akaisoma.

"Huyu aliyekuandikia ni nani wako, mama?"

"Mkwe."

"Na hizi hela ni za nini? Mauzo? Mkopo?"

Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kusonya, na mimi mdomo wangu mnaujua. "Andika zawadi tu," nikasema.

Mama akaniwekea mkono gotini. "Si zawadi," akasema.

Akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Mwanangu, unaujua mkaja?"

Dada akatikisa kichwa.

"Umezaa?"

"Bado, mama."

"Ukizaa, tumbo linabaki limelegea kama mfuko mtupu. Wanakufunga kitambaa, linarudi. Mimi mama yangu alikuwa ameshakufa, nikajifunga mwenyewe. Nikamlea huyu mwenyewe, akasoma, akajua kazi. Sasa ameolewa. Watu wamekaa nyumbani kwa baba yake, wakaniita kwa jina langu, wakanipa mkononi. Hizo ni hela za mkaja."

Hakunong'ona. Mlinzi wa mlangoni aligeuka. Waliokuwa wakisonya waliacha, na nyuma huko mwanamke mmoja akasema, "Hongera, mama." Mama hakumgeukia, alikuwa anamtazama yule dada.

Dada akatafuta kwenye kompyuta yake. "Humu hakuna mkaja," akasema taratibu. "Kuna zawadi, kuna mauzo, kuna nyinginezo."

"Weka nyinginezo, halafu uandike mwenyewe."

Akaandika, kisha akamgeuzia kioo ili aone. Mama alisoma kwa kufuata na kidole hewani, bila kugusa, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa neno.

"Na jina langu lipo hapo hapo?"

"Lipo hapo juu, mama. Yote matatu."

"Basi," mama akasema, na akaanza kulia. Siku baba alipopanda mlima hakulia. Siku korona ilipowapunguza kazi hakulia, alipika uji. Sasa alilia kwa sauti, mbele ya benki nzima, ameufunika uso kwa mikono ile iliyoanika mkonge, na yule dada akaniuliza kwa wasiwasi kama amletee maji. Nikamwambia amwache kwanza alie.